Kitambulisho Kilipotelea Wapi?

Siku niliyotoka gereza la Kamiti, Oktoba 2022, jambo la kwanza nililolitazama ni namba za magari. Watu huniuliza kama nililia au nilipiga magoti nikashukuru Mungu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilisimama kando ya barabara na kiroba changu mkononi, nikasoma namba. Namba za magari ya Kenya hutengenezwa mle ndani, na mimi kabla ya kuhamishiwa useremala nilipitia karakana hiyo. Nilipofungwa, magari mapya yalikuwa yakianza na KC. Sasa yalinipita ya KD, na huenda baadhi ya bati zile nilizishika kwa mikono hii. Zilitoka kabla yangu, zikazunguka nchi nzima, mimi nikabaki.

Kifungo changu kilikuwa miaka sita: makosa mawili ya wizi wa mtumishi, yaani kumwibia mwajiri, mitatu kwa kila kosa, na hakimu akaamuru vifuatane. Sitawachosha na kesi. Nilikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, mabati na simenti vikapitia mlango wa nyuma, na aliyeufungua mlango huo ni mimi. Sheria ya magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu thuluthi moja ya kifungo, kwa hiyo sita ikawa minne.

Nilirudi kwa mama, Kariobangi South, Nairobi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Usiku wa kwanza nilisubiri alale, nikaishusha redio mbovu kutoka juu ya kabati na kufungua skrubu za nyuma kwa ncha ya kisu. Kabla ya hukumu nilikuwa nimeficha humo shilingi elfu kumi na nne: noti kumi na tatu za elfu moja na mbili za mia tano. Zilikuwepo zote, zimekunjwa nilivyoziacha. Taabu ni kwamba noti za zamani za elfu moja ziliacha kutumika Kenya tarehe 30 Septemba 2019. Habari hiyo niliisikia nikiwa ndani. Sikuthubutu kumtumia mama ujumbe kwamba ndani ya redio kuna pesa, maana angeuliza zilitoka wapi, na ninyi mmeshajua zilitoka wapi. Basi zikafia humo. Kati ya elfu kumi na nne nilibaki na elfu moja, zile mia tano mbili. Mama, kumbe hakuwa amelala, alicheka kwanza, kisha akanyamaza kwa muda ambao sikuupenda.

Kwa elfu moja hiyo ndipo nilipoanza kutafuta maisha, na kizingiti cha kwanza kilikuwa kitambulisho. Changu kilichukuliwa kituoni siku niliyokamatwa na hakikuandikwa kwenye orodha ya mali yangu. Watu waliokaa nje hawajui kipande kile cha plastiki kimebeba nini. Bila kitambulisho husajiliwi laini ya simu. Laini yangu ya zamani ilishakufa. Bila laini huna M-Pesa, na siku hizi hata msimamizi wa mjengo hakupi noti mkononi, anakutumia kwa simu. Miezi miwili ya mwanzo nilibeba mawe na mchanga, na pesa zangu zikawa zinaingia kwenye simu ya dada yangu, naye ana watoto watatu. Simlaumu. Pesa ikipita nyumba yenye njaa hupungua.

Ili upate kitambulisho kingine, unaanza na abstract ya polisi, karatasi ya kuonyesha umeripoti kwamba kimepotea. Nilienda kituo cha karibu asubuhi, nikapanga foleni, nikafika mbele. Afande akauliza bila kuinua kichwa: "Kilipotelea wapi?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu sita au saba, mmoja wao jirani. Nikasema kilipotelea Gikomba, kwenye matatu. Uongo huo uliniponyoka kabla sijaufikiria. Afande akaniambia basi niende kituo cha huko huko Gikomba, maana ndiko kilikopotelea. Nikaenda. Siku hiyo nilichelewa, nikarudi kesho yake, nikakuta mfumo uko chini. Siku tatu na nauli yake, kwa sababu ya neno moja nililoogopa kulisema mbele ya jirani. Nilipopata karatasi hiyo nikaenda Huduma Centre ya Makadara, nikachukuliwa alama za vidole, nikalipa shilingi 100. Ada ilikuwa hiyo wakati ule. Baadaye ikapandishwa hadi 1,000, kwa hiyo anayetoka leo ajipange vizuri kuliko mimi. Nikapewa karatasi ya kusubiri, nikasubiri.

Tarehe 30 Novemba mwaka huo Hustler Fund, mikopo midogo ya serikali inayoombwa kwa simu, ikazinduliwa. Mtaa mzima ulikuwa ukibonyeza simu. Mama mboga wa lango la ploti alipata mia tano, akatuonyesha ujumbe kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Mimi nilikuwa na karatasi ya kusubiri.

Huenda mtu akauliza: wakati huo wote, ofisi za kusaidia watu kama wewe zilikuwa wapi? Zilikuwepo. Nilipokuwa natoka, afisa wa ustawi wa gereza aliniambia nipitie ofisi ya probesheni ya karibu na nyumbani, kwa sababu idara hiyo haishughuliki tu na wanaotumikia adhabu nje. Jina lake kamili kwa Kiingereza lina neno la kumwangalia mtu baada ya kifungo. Nilimwitikia "ndiyo afande", karatasi nikaikunja mara nne.

Sikuenda kwa miezi minne. Sababu ni hii: kabla ya kuhukumiwa, afisa wa probesheni hutumwa na mahakama kuchunguza maisha yako, aandike ripoti ya kumsaidia hakimu. Yangu ilisomwa mahakamani. Mzee mmoja wa mtaa alikuwa amemwambia afisa kwamba mimi ni mtu wa tamaa tangu utotoni. Ilikuwa kweli, lakini kuisikia ikisomwa mbele ya mama ni jambo lingine. Tangu siku hiyo neno probesheni kwangu lilikuwa na sauti ya lango la chuma. Nilidhani nikijipeleka wataniandika upya, watanitumia chifu, kisha kila kitu kikiibiwa mtaani nitagongewa mimi mlango.

Wakati huo wa kujificha ndio nilipofanya makosa yangu ya gharama kubwa. Nilisikia shule moja inatafuta mtu wa kutengeneza madawati. Wakataka cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi. Nikakiomba kupitia simu ya dada, nikalipa 1,050, nikapigwa alama za vidole. Sijui nilitarajia nini. Labda nilidhani nikishatumikia kifungo, mashine nayo husamehe. Cheti kilitoka na kosa langu limeandikwa, wazi kabisa. Sikurudi shuleni. Pesa hiyo ilikuwa jasho la siku mbili za mjengo, na ningeweza kuiokoa kwa kuuliza swali moja kabla ya kulipa. Nimewaambia wengi baada ya hapo: usikimbilie cheti hicho kwa kila kazi inayotangazwa. Kazi za ulinzi, za shule na za benki watakitaka. Fundi wa jua kali hajawahi kukiuliza.

Chumba nacho. Nilipopata pesa kidogo nikatafuta cha kwangu Huruma, nikamwambia mwenye ploti ukweli, kwa sababu kasisi wa gerezani alituhubiria kuhusu ukweli. Mzee alinisikiliza kwa adabu, hata soda akaninunulia. Jioni msimamizi wa ploti akaniambia chumba kimechukuliwa. Kilikaa bila mtu wiki tatu. Nilikuwa napita hapo kila siku.

Kwa hiyo nilikuwa nimesema uongo palipohitaji ukweli, na kusema ukweli kwa mtu asiyeuhitaji. Aliyenifungua macho ni mtu tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu ndani alikuwa akifundisha wazee kusoma na kuandika. Nilikutana naye Kariobangi Light Industries, anasukuma mkokoteni wa vyuma chakavu, amenenepa. Alikuwa nje mwaka wa pili. Nilimweleza hali yangu, naye akacheka hadi akaegemea mkokoteni.

"Wewe unatafuta msaada kama mtu aliyebanwa na haja katika mtaa wa wageni," akasema. "Unazunguka tu, unatazama kila mlango, na kuuliza unaona haya."

Alinipeleka mwenyewe kwa afisa wa probesheni, Jumatatu, nikiwa namfuata nyuma kama mtoto anayepelekwa shule. Ofisi ilikuwa karibu na mahakama, kama zilivyo nyingi. Nilimkuta mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani. Sikuandikwa upya. Wala hakutaja kosa langu mpaka nilipolitaja mwenyewe. Aliniuliza ninalala wapi, nina karatasi zipi, na nani mwingine nyumbani ana kipato. Halafu, akiwa ameshaanza kuifunga faili, akauliza: "Wakati wa kesi ulikuwa nje kwa dhamana?"

Nikasema ndiyo. Elfu hamsini, pesa taslimu.

"Nani alilipa?"

"Mama."

"Alirudishiwa?"

Nikamtazama. Akanitazama. Nikamwambia hapana, si nilipatikana na hatia? Pesa si ililiwa?

Akavaa miwani. Hapa naomba msomaji aliye na ndugu ndani asimame kidogo, kwa sababu hili nimekuta familia nyingi hazilijui. Dhamana ya pesa taslimu si faini. Ni rehani ya kuhakikisha utafika mahakamani. Ukifika siku zote mpaka kesi iishe, aliyeilipa anastahili kuidai, hata kama wewe umefungwa miaka mia. Inaliwa ukitoroka. Mimi sikutoroka hata siku moja. Siku ya hukumu nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa suti ya shemeji.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama risiti iko wapi. Hakujibu. Alichukua kiti, akapanda, akashusha mkebe wa Kimbo uliokuwa juu ya kabati, pale pale palipokuwa na redio yangu. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha baba, kadi zetu za kliniki za utotoni, na risiti ya mahakama ndani ya bahasha ya khaki. Miaka minne pesa halali na pesa haramu zilikaa kabati moja. Iliyooza ni ile yangu.

Elfu hamsini ile mama aliikopa kwenye chama, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Aliilipa kwa miezi ishirini na sita, kwa kufua nguo za watu Buruburu, mtoto wake akiwa ndani na wageni wakiwa wamepigwa marufuku kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona. Hakuniambia hata mara moja. Nilizijua hesabu hizo siku hiyo, amesimama juu ya kiti.

Kudai pesa hizo kulikuwa safari. Faili ilikuwa imeshapelekwa stoo ya mafaili ya zamani na ilichukua muda kupatikana. Mama ndiye aliyepaswa kuomba, si mimi, kwa kitambulisho chake, risiti halisi na akaunti ya benki, ambayo hakuwa nayo, kwa hiyo tukaanza na kumfungulia. Tulipokwama kwenye barua tukaenda Kituo cha Sheria, shirika linalowapa wananchi ushauri wa kisheria bure tangu 1973. Nilikuwa nikilijua jina hilo tangu gerezani, kwa sababu limewahi kuwafunza wafungwa kazi ya usaidizi wa kisheria, wakawa wanawaandikia wenzao rufaa. Ajabu ni kwamba ndani nililijua vizuri, nikatoka nikafikiri limebaki kule kule. Jumla ilituchukua wiki kumi na moja. Siku ujumbe wa benki ulipoingia, mama hakufurahi kama nilivyotarajia. Alikasirika. "Miaka minne hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia!" Alilirudia jambo hilo jikoni mpaka usiku.

Alinipa elfu ishirini. Nikanunua randa, msumeno, patasi za saizi nne na drili ya mtumba. Zingine alizirudisha kwenye chama kama akiba, na akaniambia nikiziulizia atanirudisha Kamiti yeye mwenyewe.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba nilikuwa natafuta mlango mmoja. Nilidhani kuna ofisi fulani mjini ambayo ukiingia unatoka na chumba, kazi na simu. Haipo. Huku unapata barua, kule mtu wa kukusikiliza, pengine fundi wa kukufundisha, na ni wewe unayeunganisha. Kuna shirika la Crime Si Poa, lililoanzishwa na Pete Ouko, ambaye alikaa ndani miaka 18, akasomea sheria akiwa Kamiti na kuachiliwa kwa msamaha wa rais mwaka 2016. Ukiongea na watu wa namna hiyo huna haja ya kueleza jela ni nini. Wanawake wana Clean Start, ya Teresa Njoroge, aliyefungwa Lang'ata akiwa na mtoto mchanga. Faraja Foundation na Prison Fellowship zimefanya kazi na wafungwa kwa miaka mingi. Sisemi kila mmoja wao atakufaa. Nasema tu kwamba kila niliyemuuliza alinionyesha wa pili, na hakuna aliyenifukuza, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu ndugu zangu wote.

Kuhusu yaliyobaki kichwani mwangu, nitasema machache. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nikisubiri hesabu ya wafungwa. Nilikuwa nasimama mbele ya mlango uliofungwa nikingoja ufunguliwe, wakati kitasa kiko upande wangu. Mwalimu alinipeleka kwa kikundi cha wanaume waliotoka ndani, wanaokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, na siku ya kwanza walizungumzia usingizi tu, saa nzima, usingizi. Mzee mmoja alisema bado hulala amevaa viatu. Nilirudi nyumbani nikalala hadi saa mbili.

Kazi niliipata hapo hapo Light Industries. Nilikuwa na cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, gredi ya tatu, nilioufanya nikiwa ndani. Tajiri akakigeuza-geuza, akauliza nilisomea wapi. Safari hii nilikuwa nimeshapima: mtu huyu anataka kujua kama najua kazi, na akija kusikia kwa wengine ataona nimemficha. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaelekeza kidole kwa wawili waliokuwa wakipiga msasa kitanda. "Hao nao wametoka huko. Hujaniambia, kuunga kona bila misumari unajua?" Nilijua. Chumba nilichopanga baadaye sikumwambia mwenyewe habari zangu. Hakuuliza, na mimi hulipa kodi tarehe tano.

Sasa Mwalimu ameanza kunitumia watu. Hunipigia tu: "Kuna kijana anakuja, ana kiroba." Wengi nawaanza na kitambulisho, kabla hata ya chai.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mmoja wa miaka ishirini na tatu, ametoka majuzi, anatembea ameangalia viatu vyake. Tulienda kituo kile kile changu cha karibu. Njiani nilimweleza kuhusu Gikomba na siku zangu tatu, hakucheka. Foleni ilikuwa ndefu, na kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto akilia, mwanamume aliyepoteza leseni, watoto wa chuo wawili. Tukafika mbele. Afande, si yule wa zamani, akauliza bila kuinua kichwa kilipotelea wapi.

Kijana akanitazama. Nikatazama ukutani, kwenye bango la huduma za bure.

"Kilichukuliwa nikikamatwa, afande," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nilikuwa nimefungwa."

Yule mama mwenye mtoto aligeuka. Afande akaandika.

"Jina la pili unaandika na R ama L?" akauliza.